Kwa wanakwaya wangu, kutoka benchi la besi

Morogoro, Oktoba, mwezi wa Rozari

Wanangu wapendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mwenyekiti wenu alikuja nyumbani Jumamosi iliyopita na daftari la michango ya video ya kwaya. Tulikunywa chai, akanisomea bajeti mstari kwa mstari: kukodi droni, sare jozi mbili, gari la kwenda Bagamoyo kupiga picha ufukweni. Nimechangia na jina langu limo humo, kwa hiyo asitokee mtu kusema mzee anapinga video. Alipokuwa mlangoni anavaa viatu ndipo nikamwuliza Alhamisi mlikuwa wangapi mazoezini. Akainamia kamba za viatu kwa muda mrefu. "Tisa, mwalimu." Tisa, katika kwaya ya watu arobaini na watatu. Besi mmoja.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na ndiyo sababu ya barua hii. Ningesimama mbele yenu baada ya Misa, lakini sauti yangu tangu mwaka juzi inakwaruza, nikisema dakika tano inakatika. Halafu maneno ya kusemea mbele za watu hugeuka upesi kuwa karipio, nami sikutaka kuwakaripia. Baba Paroko amekubali ibandikwe ubaoni. Wa kwaya nyingine wakiisoma na waisome, maana nasikia hali ni hii hii mahali pengi.

Ninawaomba kitu kimoja tu: Alhamisi saa kumi na moja jioni. Mengine yote nitakayoandika humu yanatoka hapo.

Nilizaliwa 1951, huku juu milimani Uluguru. Nikiwa mtoto Misa ilikuwa ya Kilatini. Tuliimba Kyrie na Gloria na Credo nzima kwa kichwa, watoto wa wakulima, hatujui neno hili linaishia wapi na lile linaanzia wapi. Sisemi haikuwa sala. Bibi yangu alikuwa akitokwa na machozi kila ikiimbwa Salve Regina, wimbo wa Bikira Maria, na maana yake hakuijua mpaka anaingia kaburini. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulitoa hati yake juu ya liturujia, mlango wa lugha za watu na muziki wa watu ukafunguliwa, na baada ya miaka michache ngoma ikaingia kanisani kwetu. Siku hiyo wazee wawili walitoka nje. Ngoma wao waliijua ya jando na ya mavuno, wakaona hapa imepotea njia. Mmoja hakurudi miezi mingi. Mwingine alirudi Jumapili ya tatu, akasimama karibu kabisa na mpigaji, na Misa ilipokwisha akamwambia kwa Kiluguru kwamba ngozi imelegea, siku nyingine aipashe moto kwanza. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa anaitunza ile ngoma mpaka alipofariki. Nilikuwa kijana mdogo na jambo lile lilinikaa: mzee alikuja kutukemea, lakini kumbe muda wote alikuwa anasikiliza.

Noti nilifundishwa na katekista, kwa chaki, juu ya mlango wa darasa, kwa sababu ubao ulikuwa umeandikwa hesabu za kesho na mwalimu mkuu hakutaka zifutwe. Do, re, mi. Wengi wenu mnadhani sol-fa, namna hii ya kuandika noti, ni jambo la wazee, kwa hiyo nawaambia asili yake. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, aliibuni ili kuwafundisha watoto kuimba, na mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza katika karne ya 19 kwa watu wa kawaida wasio na uwezo wa kununua kinanda. Inaandikwa kwa herufi zile zile tunazoandikia barua, pamoja na nukta na mistari. Mtu mwenye peni na karatasi ya daftari anaweza kupanga sauti nne, moja chini ya nyingine, na mtu wa kijiji cha mbali akaipokea karatasi ile na kuimba kitu ambacho hajawahi kukisikia. Ni zawadi kubwa, na wamisionari waliotuletea ningewashukuru kwa hiyo hata kama wasingetuletea kitu kingine.

Siku hizi mnatumiana sauti kwa simu. Mwalimu wenu wa sasa anaimba sauti ya pili anairekodi, anaituma kwenye kundi la sauti ya pili, na kila mmoja anajifunza chumbani kwake akiwa na hedifoni masikioni. Nimesikia matokeo yake Jumapili mbili zilizopita. Kila mtu alikuwa ameshika ya kwake vizuri, nawapongeza kwa hilo. Lakini kwenye Utukufu, pale tena, wanaume wa sauti ya juu, wanaposhuka na besi, wale wa sauti ya chini, wanawangoja, hakuna aliyemngoja mwenzake. Wa tena walishuka mapema, wa besi wakachelewa, na wote walikuwa sahihi kwa namna walivyojifunza chumbani. Kungojana hakufundishiki kwenye simu. Kunafundishika mkiwa mmekaa kwenye benchi moja, bega kwa bega, mnasikia mwenzenu anavuta pumzi.

Juu ya kusikia nina mwalimu wangu, na ningependa mumjue.

Alikuwa mama mmoja wa sauti ya pili, Mungu amrehemu. Alikuwa anauza vitumbua barabarani karibu na shule niliyofundisha. Shule yeye hakupata kusoma. Noti kwake zilikuwa alama tu juu ya karatasi, na wimbo aliuchukua kwa sikio, mara mbili unatosha. Mazoezini alifika daima ananukia moshi na iliki. Wa tena wakishuka hata kidogo tu chini ya sauti, yeye alikuwa anageuza kichwa upande wao, polepole, kama mtu aliyeitwa. Mimi mwenye kifilimbi changu cha kutolea do nilikuwa bado sijaona kosa.

Asubuhi moja nilipita kwake kabla ya kengele ya shule. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, jiko la mkaa mbele yake, kikaango chenye vishimo saba juu ya moto. Mchele aliuloweka tangu jana yake, akausaga, akautia tui, hamira na iliki, ukaumuka usiku kucha. Akamimina upawa kwenye kila kishimo, mafuta yakapiga kelele zile mnazozijua. Tukawa tunazungumza habari za wimbo mpya wa Pentekoste. Mtoto mmoja akaja na sarafu, yule mama akamgeukia, akawa anamhesabia chenji, mgongo wake uko kwenye kikaango. Nikaona mkono wake wa kulia unarudi nyuma na ule uma, unakwenda moja kwa moja kwenye kitumbua cha tatu, unakigeuza. Kilikuwa kimeiva rangi ya kahawia, hakijaungua hata ukingoni. Halafu akageuza cha tano. Cha nne akakiacha.

Nikamwuliza amejuaje. Akaniangalia kama naye anashangaa kwamba mimi sijui. "Mwalimu, si kinapunguza kelele? Kikiwa kibichi kinapiga kelele. Kikianza kushika chini kinanong'ona. Kikinong'ona nakigeuza."

Saba pamoja, vyote vinalia kwa wakati mmoja, na yeye anakisikia kimoja kilichoshusha sauti.

Nilifika shuleni nimechelewa siku hiyo, na Alhamisi nikambadilishia nafasi. Nilimtoa pembeni nikamweka katikati ya kwaya, mpakani mwa sauti ya pili na tena, na kwa miaka kumi na sita nilikuwa naongoza kwa kumtazama yeye. Akigeuza kichwa kushoto najua wapi pana tatizo. Hakuna mtu kanisani aliyelifahamu jambo hilo, hata yeye mwenyewe sidhani kama alilifahamu. Mkiniuliza nani aliyeifanya kwaya yetu ijulikane jimboni miaka ile, nitawatajia mwanamke yule na kikaango chake.

Mji wetu huu ulikuwa unajua kusikilizana. Nilikua wakati bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah ndiyo inaimbwa kila nyumba, na baadaye Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Sikuwa na kiingilio, nilikuwa nasimama nje ya ukuta wa ukumbi usiku, mseminari mtoro. Padre mmoja alinikemea sana kwa hilo. Lakini pale ukutani nilisikia gitaa la solo linapita juu, la ridhimu linamjazia mwenzake nafasi anazoziacha, besi anatembea chini taratibu, na hakuna anayemkanyaga mwingine. Nilichojifunza usiku ule nimekitumia kwenye Misa kwa miaka arobaini.

Sasa niwaambie kosa langu, maana nasikia kuna ugomvi juu ya nani atasimama mstari wa mbele kwenye video na nani awekwe nyuma, na kwamba wawili wameshaambiwa wasije kabisa kwa sababu sauti zao "zinaharibu".

Mwaka 1991, wiki mbili kabla ya Pasaka, nilimfukuza mtu. Alikuwa fundi mwashi, mrefu, mikono imepasuka kwa saruji. Nilikuwa na upungufu wa tena nikamweka huko. Kila tukifika juu yeye anapinda, wimbo unaingia mchanga. Nilivumilia wiki tatu. Ya nne, mbele ya watu wote, nikamwambia kwamba akinyamaza ndiyo atatusaidia zaidi. Hakujibu. Alikunja karatasi yake ya noti mara nne, vizuri, akaiweka juu ya benchi na kutoka. Tuliendelea na mazoezi. Hata wimbo tukaumaliza.

Miaka kumi baadaye nilikwenda kwenye matanga mtaani kwao. Usiku, watu wamezunguka moto, mtu akaanzisha wimbo, na kutoka gizani nyuma ya mwembe nikasikia besi. Besi ya chini kabisa, pana, imetulia, imeubeba ule wimbo kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Nikasimama kwenda kutazama ni nani. Alikuwa yeye. Mtu yule hakuwa na kasoro ya sauti hata kidogo. Nilimweka kwenye sauti isiyo yake kwa sababu ya shida yangu, kisha nikamwaibisha kwa kushindwa kuifikia. Wiki nne alikuwa ananiambia kwa koo lake, nami nilikuwa nasikiliza karatasi.

Nilimwomba msamaha palepale. Akasema, "Yameisha, mwalimu," akanisogezea kigoda nikae. Lakini kwaya hakurudi, na watoto wake hakuna aliyeimba. Nimeungama kosa lile, nimepewa ondoleo, naamini Mungu amelifuta. Mimi bado nalikumbuka kila nikiona karatasi iliyokunjwa mara nne. Hao wawili wafuateni nyumbani kwao. Msiwatumie ujumbe wa simu. Nendeni kwa miguu. Mkifika wasikilizeni wanaimba, bila haraka, jaribuni sauti zote nne, ndipo mseme.

Wawili kati yenu mmeniletea tungo mpya. Nimezisoma kwa furaha kubwa, na nimeweka alama kwa penseli. Nitasema hapa jambo moja kwa sababu linawahusu wote wanaotamani kutunga.

Kiswahili kina mkazo wake, na mkazo huo karibu kila mara hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema a-MA-ni, fu-RA-ha, u-tu-hu-ru-MI-e. Muziki nao una mapigo yake mazito na mapigo yake mepesi. Mtunzi akiweka pigo zito kwenye silabi nyepesi, neno linachechemea. Kwenye utunzi wa mmoja wenu, "amani" imeangukia pigo zito kwenye A na kisha tena kwenye NI, na ile MA iliyobeba uhai wa neno imepitiwa haraka katikati. Msikilizaji ataelewa, lakini atakuwa ameelewa kwa kazi. Mnajua wenyewe jinsi mkazo unavyobadilisha maana: barabara ya kupita magari na kazi iliyofanyika barabara zinaandikwa sawasawa, ila mkazo wa ya kwanza uko kwenye BA ya mwisho na wa ya pili uko kwenye RA ya kwanza. Nyimbo nyingi za zamani tulizorithi zina kasoro hii, kwa kuwa maneno ya Kiswahili yalilazimishwa kuvaa tuni ya Kijerumani au ya Kilatini iliyoshonwa kwa mwili mwingine. Tulizizoea, tunazipenda, nazo zimetulea. Ninyi mnashona nguo mpya, hamna sababu ya kukosea kipimo.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kugusa kinanda, yaseme maneno yako kwa sauti kama unamwambia mama yako jikoni, huku unagonga meza kwa kidole. Yaseme mara ishirini. Kufikia ya kumi utasikia kidole chako kinaanguka mahali pale pale kila mara, na hapo ndipo pigo lilipo. Tuni nayo itaanza kujitokeza yenyewe, kwa sababu mtu akisema jambo analolimaanisha sauti yake hupanda na kushuka. Kinanda kiwe cha mwisho. Na ile midundo ya kubonyeza kitufe, naomba muipumzishe wakati wa mazoezi. Ikishaanza haimngoji mtu. Mzee wa Komunyo bado yuko njiani na fimbo yake, mdundo umeshamaliza.

Tena tungeni kwa ajili ya Jumapili ijayo. Wimbo wetu wa taifa, Mungu ibariki Afrika, tuni yake ilianza kwenye kwaya ya shule. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, akiongoza kwaya ya wanafunzi wake. Mwaka 1897 akautunga kwa noti hizi hizi za sol-fa. Akafariki 1905 akiwa bado kijana, hata kaburi lake likasahaulika kwa miaka mingi mahali lilipo. Hakujua kwamba 1961 bendera ya Tanganyika ingepandishwa watu wakiimba tuni yake kwa Kiswahili. Kilichokuwa mbele yake ni watoto wa darasani na mazoezi ya wiki ile, na kazi yake aliifanya sawasawa kwa ajili ya hao.

Mniruhusu nirudi kwenye Alhamisi mbili.

Tarehe 12 Aprili 1984 ilikuwa Alhamisi, ile ya kabla ya Dominika ya Matawi, na tulikuwa kanisani tunafanyia mazoezi nyimbo za Juma Kuu. Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni na sabuni ya bahati. Kitambaa cha sare hakikupatikana hata ukiwa na fedha mkononi, kwa hiyo kila mtu aliimba na nguo yake, na noti tulizinakili nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Giza lilikuwa limeingia kijana mmoja alipokuja mbio kutoka nyumba yenye redio. Waziri Mkuu Edward Sokoine amefariki. Ajali ya gari, Dakawa, hapa hapa mkoani kwetu, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa. Tukakaa kimya na karatasi zetu. Kisha watu wakaanza kuja, bila kengele, bila kuitwa na padre. Jirani zetu Waislamu nao walikuja, wakasimama nje usawa wa dirisha. Hakuna aliyejua la kusema. Tukaimba wimbo uliokuwa mkononi, wa Ijumaa Kuu, na tulipoumaliza tukaurudia. Tuliweza kwa sababu tulikuwa pale tayari, sauti nne kamili, koo zimeshapata moto. Ingekuwa Jumanne kila mmoja angelia kwake.

Alhamisi ya pili sina tarehe yake. Mwaka 1998 tulimzika mtoto wetu wa tatu. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, na wazazi wenu hawapendi kulisema mbele yangu, kwa hiyo nalisema mimi. Miezi minne sikuweza kusali. Nilishika rozari nikawa nahesabu shanga tu. Nilimwachia mwingine kuongoza kwaya, na Alhamisi nilikwenda kwa mazoea ya miguu, nikakaa nyuma, kwenye benchi la besi, mdomo umefungwa. Hakuna aliyenihubiria. Hakuna aliyeniambia Mungu ana mpango wake. Waliimba tu. Besi wawili, kushoto kwangu na kulia kwangu, waliimba kupitia mwilini mwangu. Mkikaa kwenye benchi la mbao mnajua, sauti ya chini inapanda na ubao mpaka kifuani. Kipindi kile mimi sikuwa na imani yoyote ya kuonyesha mtu. Walikuwa nayo wao, wakanishikia. Siku moja kwenye Mwanakondoo nikajikuta naimba neno la mwisho, utujalie amani, hilo tu. Aliyekuwa kulia kwangu hakunitazama. Alisogea kidogo kunipa nafasi kwenye karatasi.

Kama wangekuwa tisa, besi mmoja, sijui leo ningekuwa wapi.

Siku hizi sala zangu ni fupi na raha zangu ni ndogo, nami sioni haya kwa yote mawili. Naamka kabla ya jua, natazama kama Uluguru umejifunika wingu au uko wazi. Nachemsha chai mwenyewe, mama yenu amelala. Kikiwepo kiporo cha wali nakipasha na chumvi kidogo. Mvua za vuli zikianza nakaa kibarazani kusikia bati linavyopokea matone ya kwanza, moja moja, halafu yote kwa pamoja, na kila mwaka nasema asante kana kwamba sijawahi kuisikia. Msimu wa machungwa nanunua ya milimani kwa akina mama wanaoshuka nayo vichwani, nalimenya moja polepole kwa kisu kidogo ganda lisikatike. Niliwahi kudhani vitu hivi ni vya kupitishia muda nikingoja mambo makubwa ya Mungu. Sasa naona kwamba nilikuwa nalishwa navyo muda wote ule. Mnapotoka mazoezini na kusimama pale kwa muuza mihogo ya kukaanga, mmoja anatoa mia tano, mwingine anaomba pilipili, mnaimba vipande vya wimbo mdomo umejaa, msiharakishe kwenda nyumbani. Mama yenu nilimpata kwenye kusimama kule, Alhamisi ya mwaka 1975. Alikuwa sauti ya kwanza na alikuwa hataki kunisemesha.

Tarehe 22 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wetu wanamuziki. Kwaya ngapi nchi hii zina jina lake! Simulizi la kale juu yake linasema kwamba siku ya harusi yake, vyombo vilipokuwa vinapigwa, yeye alimwimbia Bwana moyoni mwake. Hakuna mahali linaposema alisimama mbele ya watu. Kanisa lilimpa uangalizi wa waimbaji wote kwa wimbo ambao hakuna sikio la mtu lililousikia. Nimelitafakari jambo hilo miaka mingi na bado linanipa nguvu, hasa sasa ambapo sauti yangu imekwisha.

Nendeni Bagamoyo mkapige picha zenu. Mtapendeza, na bahari ile ni nzuri asubuhi. Lakini kabla ya hapo tuna Alhamisi nne. Noti za Misa mpya ziko kwenye kabati la sakristia, rafu ya chini, nakala arobaini na tatu, nimezihesabu mwenyewe. Ufunguo wa kabati anao mama yenu. Yule kijana besi aliyebaki peke yake, wiki hii asikae pembeni. Aje nyuma, benchi la mwisho upande wa kulia, lile lenye mguu uliofungwa waya. Nitakuwa nimeshafika.

Mwalimu wenu